Sodiamu ndani ya maji: jaribio hatua kwa hatua

Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Mbeya huandika sentensi ileile: "Sodiamu huyeyushwa na maji." Somo hili nimeliandika kwa ajili ya sentensi hiyo. Sodiamu, metali laini, huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huku hutokota yakifika nyuzi 94 tu. Kwa hiyo hata maji yetu yanayochemka hayana joto la kuiyeyusha, sembuse ya bomba mwezi wa Juni! Kinachoiyeyusha ni joto la mmenyuko wenyewe, yaani sodiamu na maji vinapobadilika kuwa vitu vipya.

Jaribio lifanywe na mwalimu, kila mtu avae miwani ya kinga, na wanafunzi wasimame mita 2 au zaidi kutoka mezani.

Hatua ya 1. Tia maji nusu ya beseni pana la kioo, kisha dondoshea matone machache ya fenolifthalini, kiashiria kinachogeuka waridi penye alkali. Usifunike. Haidrojeni itakayotoka inawaka, na ikibanwa hulipuka.

Hatua ya 2. Toa sodiamu kwenye mafuta ya taa kwa kibanio, kamwe si kwa vidole, maana jasho nalo ni maji. Kata kipande kisichozidi punje ya mchele wa Kyela. Kisu hupita kama kwenye siagi ya asubuhi ya baridi. Waite wanafunzi waone pale kilipopita: mng'ao kama wa fedha, unaofifia papo hapo kwa sababu hewa imeshaushambulia. Futa mafuta kwa karatasi kavu. Pande lililobaki lirudi kwenye mafuta upesi.

Hatua ya 3. Weka kipande juu ya maji, urudi nyuma. Kitaelea, kijiviringe kuwa kigololi king'avu, kisha kikimbie huku na huku kikisukumwa na haidrojeni, na nyuma yake kiache michirizi ya waridi. Waridi hiyo ndiyo inayotuambia kwamba maji sasa yana alkali, haidroksidi ya sodiamu:

2Na + 2H₂O → 2NaOH + H₂

Sasa ndugu zake wawili, metali za kundi moja na sodiamu. Lithiamu hutoa mapovu taratibu bila kupoteza umbo, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 180. Potasiamu huyeyuka kwenye nyuzi 63, na haidrojeni yake hushika moto mara moja kwa mwali wa zambarau. Potasiamu ya siku nyingi yenye gamba la njano msiikate kabisa. Inaweza kulipuka chini ya kisu. Kwa maoni yangu, shule isiyo na kioo cha kinga iishie kwenye sodiamu.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Chumvi ina sodiamu, mbona tukiitia kwenye mboga hailipuki?*

Marahaba. Atomu ya sodiamu ina elektroni 1 ya nje, na hiyo ndiyo inayoachiwa maji. Kwenye chumvi, elektroni hiyo ilishachukuliwa na klorini. Haina tena cha kutoa.

*Kwa hiyo potasiamu ni kali kwa kuwa hutoa joto jingi kuliko lithiamu?*

Hapana, na hapa wengi huteleza. Kwa kila moli 1 (yaani idadi ileile ya atomu), lithiamu hutoa kilojuli 222 hivi, potasiamu 196 hivi. Tofauti ni kasi. Gunia la mkaa lina joto jingi kuliko kikombe cha petroli, lakini unajua kipi utakikimbia kikiwashwa. Elektroni ya nje ya potasiamu iko mbali na kiini, hushikiliwa kwa ulegevu, hivyo hutoka haraka.

*Moto ukishika meza tuzime kwa maji?*

Msithubutu, mtaongeza haidrojeni. Tumieni mchanga mkavu, na ndoo iwe tayari kabla ya hatua ya 1. Mchanga huo uanikeni juani mapema, maana uliokaa nje msimu wa mvua una maji mengi kuliko unavyoonekana.