Vibarua wanatega saiti? Hesabu kwanza, foka baadaye

Mwenye nyumba akipita saiti saa 5 asubuhi akakuta watu watatu wamekalia tofali, hukumu iko tayari: vibarua wanatega kazi. Mara nyingi mtegaji hapo ni mmoja, kama yupo. Wengine wanasubiri maji, udongo (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kujengea), au fundi mkuu aje aseme dirisha linakaa wapi. Dawa ya anayesubiri si dawa ya anayetega, na ukiwachanganya utamfokea saidia fundi kwa kosa la dereva wa boza.

Tafuta daftari dogo. Kwa siku tatu za kawaida (si siku ya kumwaga zege, siku hiyo kila mtu anakimbia) zunguka saiti mara nane kwa siku, kwa dakika zisizotabirika: 2:10, 3:25, 3:55, 5:40. Ukizunguka kila saa kamili, kufika mchana watu wameshakukariri na utamkuta kila mmoja ameinama. Kila unayemwona mwandikie herufi moja kwa kile alichokuwa akifanya mara ya kwanza ulipomtupia jicho: K anafanya kazi, S anasubiri, P yuko kwenye mapumziko yake, T anatega. Majina usiandike kwa sasa. Ila mbele ya kila S andika anasubiri nini, maana bila hilo daftari halina faida.

Saiti ya watu kumi itakupa alama 10 × 8 × 3, yaani 240. Tuseme S zimetoka 60 na T 12. Robo ya posho unayolipa inaishia kwenye kusubiri, na utegaji ni asilimia 5. Unaweza kufoka mpaka sauti ikauke, utakuwa unagombana na ile asilimia 5.

Anza na udongo, kwa sababu ndiko muda mwingi unakopotelea bila mtu kuona. Kosa la kila siku ni hili: saa 6:15 wanachanganya mfuko mzima, saa 7 chakula, saa 8 wanarudi na kukuta udongo umekaza kwenye karai. Hapo saidia fundi ama anamwaga maji kuulainisha, na kiungo kati ya tofali na tofali kinatoka dhaifu, ama anauacha na kuanza mwingine huku mafundi wamekaa wakimtazama. Udongo wa saruji utumike ndani ya saa mbili tangu maji yaguse saruji, na kwenye jua la Dar es Salaam hata kabla ya hapo. Kwa hiyo kuelekea mchana changanyeni nusu mfuko, mchanganyo wa mwisho uwe umeisha ukutani kabla ya chakula. Saidia watoke kula dakika 20 kabla ya mafundi na warudi dakika 20 kabla yao. Fundi akishika mwiko, karai liwe limejaa.

Tofali zipangwe jioni kwa ajili ya kesho, hatua nne au tano kutoka ukutani. Lori likimwaga getini na zikabaki hapo, saidia atabeba mbili mbili asubuhi yote. Tofali ya inchi 18 kwa 9, pamoja na kiungo chake, inaenda kama 10 kwa mita moja ya mraba. Ukuta wa mita 4 unaopandishwa mita 1.2 ni mita za mraba 4.8, weka 50, pamoja na moja mbili za kuvunjika.

Maji: weka ndoo mbili za lita 20 kwa kila mfuko. Mifuko sita ni lita 240, bado hujamwagilia ukuta wa jana. Pipa mbili za lita 200 zijae kabla watu hawajaondoka jioni.

Chai ya saa 4 nayo inaonewa sana. Shida ni foleni, watu kumi kwa mama ntilie mmoja. Mtu mmoja akusanye oda saa 2, chapati na maharage ziletwe saiti kwa pamoja. Na usimwandikie T mtu aliyekaa kwenye haki yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60.

Wapo wanaokimbilia kulipa kwa kipande, yaani kwa kazi iliyofanyika badala ya kwa siku, ili kumaliza utegaji. Unaisha kweli, ila unakaribisha kulipua kazi, yaani kuifanya haraka haraka na vibaya. Fundi anaruka viungo vya wima, au anapandisha ukuta mita mbili kwa siku moja wakati udongo wa chini bado mbichi. Ukilipa hivyo, weka ukomo wa mita 1.5 kwa siku, na usitoe hela kabla ukuta haujapimwa kwa timazi (umesimama wima?) na pima maji (umelala sawa?).

Baada ya wiki mbili hesabu tena. S zikishuka, T huonekana wazi, kwa kuwa kisingizio cha kusubiri kimeondoka. Sasa andika majina. Mtegaji ana dalili zake: lori la saruji likiingia, yuko chooni, kila nusu saa anachungulia mkeka wake wa kubeti kwenye simu. Usimseme mbele ya wenzake. Mwite pembeni na daftari mkononi: "Ndugu yangu, jana saa 5 na saa 8 wenzako wanashusha mifuko, wewe hukuwepo. Kuna nini?" Sikiliza, kwani wakati mwingine utasikia mgongo au homa. Akirudia, mpe onyo la maandishi lenye tarehe na saa, asaini. Posho usiikate kwa hasira: sheria hiyo hiyo haimwachii mwajiri kukata malipo apendavyo, na kesi ikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, utaulizwa karatasi.