Kabla hamjamleta mzazi mjini apumzike

Watoto wengi wa Mbeya na Iringa wakishapata nafuu ya maisha humleta mama au baba mjini ili apumzike. Nia ni njema. Lakini mama wa miaka 70 aliyezoea vilima vya Rungwe, ndoo kichwani, jembe mkononi, akikalishwa kwenye sofa Soweto, jijini Mbeya, mchana kutwa, misuli yake itapungua upesi kuliko mnavyodhani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani kwa siku 10: walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Siku 10 tu.

Hapo ndipo kisukari kinapopata njia. Mtu akila ugali, sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu hupokewa na misuli kwa msaada wa insulini. Misuli ndiyo ghala. Ikipungua, sukari hubaki kwenye damu, kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na mafuta hujikusanya tumboni. Mizani inaweza isioneshe chochote, maana mafuta yamechukua nafasi ya nyama. Kwa hiyo mkisikia "mama amenawiri", mtazameni kwanza mapaja.

Kabla hajasafiri, mpimeni kwa kiti cha kawaida. Akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5, mmoja wenu akiwa karibu. Zikizidi sekunde 15, nguvu zimeshuka. Nimemwona baba aliyelima maisha yake yote akikwama mara ya tatu: alijivuta hadi ukingoni mwa kiti, akarusha mabega mbele, magoti yakatetemeka, akaishia kushika meza. Hakuna aliyekuwa amejua.

Mpelekeni pia kupimwa sukari, presha na figo. Kama anatumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi, daktari aambiwe kwamba ataanza mazoezi, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla.

Chakula kinahitaji mpango wa kweli, maana wazee wengi huishia chai na mkate. Mzee mwenye figo nzima anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mama wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, cha maziwa 8, yai 6. Igawanywe asubuhi, mchana na jioni. Meno yakiwa machache, maharage yapondwe, dagaa wasagwe. Mtindi nao haukosekani huku kwetu.

Kazi yake itafutwe kabla hajafika: tuta la mchicha, kuku wachache, safari ya sokoni kwa miguu. Juu ya hayo, mara 2 au 3 kwa wiki ainuke na kukaa kwenye kiti, anyanyue chupa za maji. Hajachelewa. Utafiti wa Boston wa mwaka 1990 uliwapa watu wa miaka 90 mazoezi ya uzito kwa wiki 8, na nguvu za miguu zikazidi maradufu.

Bafuni wekeni bomba la kushikilia, na taa ya usiku. Dada wa kazi aambiwe mapema kuwa bibi akishika ufagio asinyang'anywe. Na akianza kuanguka, au akikonda bila sababu, mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo.