Aprili ikileta joto, usilidharau jua la Wales
Ukialikwa kupanda Pen y Fan, mlima wa kule Wales, mwezi wa Aprili na siku ikatokea ya joto, usiseme "mimi wa Tanga, jua nalijua." Jua la mwishoni mwa Aprili kule hupanda juu sawa na la katikati ya Agosti, ila upepo wa kwenye mgongo wa mlima unakupuliza, hulisikii. Mimi nililigundua usiku, masikio na kisogo vinawaka, hata mto haugusiki. Na weusi wangu wote huu!

Kivuli usikitegemee: miti ndiyo kwanza inachipua, na huko juu ni nyasi na kondoo tu. Hao kondoo ndio sababu maji ya kijito usiyanywe bila kuyachemsha. Kwa matembezi ya kutwa beba lita 3, upige funda moja moja kabla kiu haijakushika. Mfukoni tia karanga za chumvi, maana jasho linaondoka na chumvi yako. Kofia iwe ya ukingo mpana, kapelo haifuniki masikio. Koti usiliache garini. Kilele kina mita 886, na jua likishuka baridi inarudi mbio.