Kulinda Magurudumu ya Gari: Nati za Loki, Mnyororo wa Spea na Alama za Rimu

Magurudumu huibwa kirahisi kwa sababu spana moja hufungua magari mengi. Toyota nyingi za barabarani kwetu, kuanzia IST hadi Prado, zina nati za milimita 21, na Nissan nyingi vilevile. Subaru na Honda nyingi ni 19. Mwenye spana hizo mbili, jeki na mawe ya kuegeshea gari anaweza kuondoka na seti nzima usiku mmoja. Kazi ya kwanza, basi, ni kuhakikisha spana hizo hazimtoshi.

Nati za loki huuzwa nne kwa seti, moja kwa kila gurudumu, na ufunguo wake wenye mchoro wa pekee. Kabla ya kununua, fungua nati moja, gari libaki nyumbani, uende nayo dukani kulinganisha.

Anza na uzi. Toyota nyingi ni M12 × 1.5, yaani boliti ya kipenyo cha milimita 12 na hatua ya uzi ya milimita 1.5; Nissan na Subaru nyingi ni M12 × 1.25, Land Cruiser 200 ni M14 × 1.5. Nati yenye uzi usiolingana huingia mizunguko miwili mitatu kisha hukwama; ukiilazimisha unaua boliti. Kisha angalia inavyokalia rimu, maana hapa ndipo wengi hukosea. Rimu za chuma na nyingi za aloi zinazouzwa madukani hutaka nati yenye ncha ya koni. Aloi nyingi za Toyota zilizokuja na gari hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu nyingi za asili za Honda hutumia nati yenye ncha ya duara. Koni ikifungwa kwenye tundu la washa bapa hugusa ukingo tu, hulegea mwendoni, na gurudumu linaweza kuchomoka barabarani.

Lipa zaidi upate zenye kola ya nje inayozunguka yenyewe. Zisizo na kola, mwizi huzipigia nyundo soketi iliyo ndogo kidogo, ikishang'ata anaizungusha. Kola inayozunguka humnyima pa kushika.

Kufunga: anza nati zote kwa mkono, kaza za kawaida kwa mpangilio wa nyota, loki iwe ya mwisho. Tumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (niutoni mita). Toyota nyingi ndogo ni Nm 103, Prado Nm 112. Rudia kuzikagua baada ya kilomita 50 hadi 100. Loki isiguswe kamwe na mashine ya upepo, kwa sababu ufunguo hupasuka au mchoro hulika, kisha hata wewe huwezi kufungua. Mwambie fundi wa pancha kabla hajaanza kazi. Ufunguo usikae pamoja na jeki wala kwenye droo ya dashibodi, maana huko ndiko mwizi anakoanzia. Namba yake iandike uiweke nyumbani, ndiyo itakayokupatia mwingine ukipotea.

Spea ya mlango wa nyuma, kama ya RAV4 za zamani na Prado nyingi, itilie loki ya tano. Ya Hilux na Hiace inaning'inia chini ya gari, hivyo inahitaji mnyororo wa chuma kigumu wenye unene usiopungua milimita 10. Upitishe kwenye matundu ya rimu na kuuzungusha kwenye chesisi, mbali na eksozi, ekseli na mabomba ya breki. Uvishe kipande cha tyubu kuukuu usigongegonge. Tundu la kufuli litazame chini, nalo ulifungue na kulitia oili kila mwezi. Likigandwa na tope na kutu, siku ya pancha halitafunguka.

Ukiegesha, sogeza ubavu wa kushoto hadi ukutani, ibaki nafasi ya sentimita 15 tu. Nafasi hiyo humbana mwizi asiweze kufungua nati na kuchomoa gurudumu kwa urahisi, hivyo mawili ya upande huo huwa salama zaidi. Kengele ya kawaida husikiliza milango. Kwa magurudumu funga yenye kihisi cha kuinamishwa, ipige gari likinyanyuliwa.

Kuna na kubadilishiwa: gari linalazwa mahali, linarudi na spea kipara. Piga picha tarakimu nne za mwisho za DOT, mstari wa namba unaoanza kwa herufi hizo ubavuni mwa kila tairi. 2321 maana yake wiki ya 23 ya 2021. Mara nyingi ziko upande mmoja tu, hivyo tazama na upande wa ndani. Kwenye rimu, chonga namba ya gari nyuma ya mikono yake, si pale tairi linapokaza upepo. Ubavu wa tairi usiuchome kwa chuma cha moto, unaudhoofisha. Alama hizo ndizo za kuonyesha polisi unapochukua RB, namba ya taarifa yako kituoni.

Na kila asubuhi, gari likiwa limelala nje, shika nati za kila gurudumu kabla ya kuwasha. Mwizi aliyekurupushwa katikati ya kazi huacha nati zimelegezwa, na gurudumu kwa macho linaonekana zima.