Somo: Vyumba vya kupangisha Tabora, kabla hujamwaga zege

Wakuu, salaam. Nimeulizwa sana kama vyumba vya kupangisha hapa Tabora vinalipa. Vinalipa, ila polepole kuliko madalali wanavyosimulia, na aliyejenga vizuri akasimamia vibaya atapitwa na mwenye banda la kawaida anayeshika daftari. Twende.

Hatua ya 1: Jua unamjengea nani
Mwanachuo anataka chumba kimoja cha bei nafuu, na likizo ikifika anafunga mizigo. Mtumishi aliyehamishiwa hapa anataka chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Akiridhika anakaa mpaka barua nyingine ya uhamisho imkute. Mimi nampendelea huyo. Wapo wanaojenga wakiwalenga mafundi wa reli mpya ya SGR. Wanalipa vizuri, lakini ujenzi ukisogea nao wanasogea. Usichukue mkopo wa benki kwa kumtegemea mpangaji wa mradi.

Hatua ya 2: Hesabu miezi 10, si 12
Tuchukue mfano: vyumba sita, kila kimoja 40,000 kwa mwezi, vimekugharimu milioni 24. Kwa miezi 10 (miwili ihesabu chumba kitupu) unapata 2,400,000. Tenga asilimia 10 ya TRA, mamlaka ya mapato, yaani 240,000. Tenga 300,000 ya vitasa, koki, rangi na kunyonya choo. Ondoa na kodi ya jengo, 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Zinabaki 1,842,000, kabla hujalipia ardhi. Mtaji unarudi baada ya miaka 13 hivi. Kama namba hiyo inakutisha, afadhali ikutishe sasa.

Hatua ya 3: Karatasi
Kiwanja kilichopimwa, hati au ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja) mkononi, kodi ya ardhi haidaiwi. Muhuri wa mtaa peke yake haufanyi kiwanja kiwe kimepimwa.

Hatua ya 4: Kila mlango na luku yake
Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mita moja kwa wapangaji sita maana yake kuna mwenye friji, kuna mwenye pasi, kuna anayerudi usiku tu, na wote wanachanga sawa. Umeme ukikatika Jumamosi usiku, simu inapigwa kwako. Zaidi ya ugomvi kuna bei: kundi la D1 la TANESCO, lenye unafuu, ni la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Mpangaji mmoja mwenye taa, redio na tivii anaweza kubaki humo. Wapangaji sita kwenye mita moja wanapita. Gharama ya kuvuta mita inauma mara moja tu. Maji nayo, kama huwezi kutenganisha mita, weka kiwango kwa kila kichwa na ukiandike.

Hatua ya 5: Mchwa
Mgeni wa Tabora huwadharau. Tia dawa kwenye msingi kabla ya kumwaga jamvi, tumia mbao zilizotiwa dawa, na kila mwezi zunguka nyumba ukitafuta vile vijia vya udongo vinavyopanda ukutani. Ukiviona nyuma ya kabati la mpangaji, ujue juu kwenye kenchi wameshafika. Na tawi la mwembe lililoinamia bati likatwe kabla ya msimu wa maembe.

Hatua ya 6: Mkataba
Ukurasa mmoja unatosha: majina, kiasi, tarehe, idadi ya watu, nani analipa maji na taka, notisi ya kuhama. Siku ya kukabidhi funguo, piga picha vioo, sinki na namba ya mita, umtumie mpangaji palepale.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Kigoma: Nimepata eneo karibu kabisa na ziwa, upande wa Kibirizi. Nijenge?*
Mkuu, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa maji. Na miaka hii mmeona wenyewe Tanganyika lilivyopanda. Tafuta mwinuko, Mwanga au Gungu.

*Mama wa Isevya: Mpangaji ana miezi miwili hajalipa. Naweza kumwekea kufuli?*
Hapana mama, ukifanya hivyo wewe ndiye utakayeshtakiwa. Mpe notisi ya maandishi, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu. Likishindwa, uamuzi uko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mkataba na risiti za kodi aliyokwisha kulipa.

*Mdau wa Ipuli: Ile 1,500 inayokatwa kwenye luku kila mwezi ni ya nani?*
Ni kodi ya jengo, kwa hiyo ni ya mwenye nyumba. Mimi namrudishia mpangaji kwa kuipunguza kwenye kodi yake. Ukiwa na mita kadhaa kwenye jengo moja, hakikisha inakatwa mita moja, si zote.

*Dada wa Nzega: Nidai kodi ya mwaka mzima?*
Dada, mwenye mwaka mzima mkononi ni wachache, utakaa na chumba kitupu ukimsubiri. Anza na miezi mitatu. Akilipa vizuri mara mbili, muulize mwenyewe kama anaweza sita.