Jinsi ya kusimama Makindu ukale kwa masingasinga bila kuona aibu

Ukiwa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa ukafika Makindu usipite tu, kuna gurudwara pale, hekalu la masingasinga, utalijua kwa ile bendera ya rangi ya machungwa kwenye mlingoti mrefu. Watu kibao wanapita wakidhani mpaka uwe Mhindi. Wapi! Ingia, na chakula ni bure.

Kabla ya kushuka, sigara, tumbaku na pombe acha kwenye gari, na kama ushapiga mbili tatu njiani bora uendelee na safari yako tu. Mlangoni vua viatu, nawa mikono, funika kichwa, mwanaume na mwanamke sawa, leso au mtandio unatosha na kama huna omba kitambaa cha kuazima.

Ukumbi wa ibada ndio unaotisha wageni. Mbele kuna kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kimewekwa mahali palipoinuka, na juu yake kumetandazwa kitambaa kizuri, na utaona watu wanasujudu mpaka paji la uso linagusa sakafu. Wewe mgeni hulazimishwi, kaa chini kimya, ila miguu usiinyooshe kuelekea kitabu. Alafu atapita mtu anagawa karah prashad, halua ya moto ya unga wa ngano, samli na sukari, inanukia samli balaa, unapokea kwa mikono miwili iliyounganishwa. Kama dini yako haikuruhusu kula kilichoombewa pale, unganisha viganja, inamisha kichwa kidogo, sema asante, basi, usijieleze sana wala usichukue ukaitupe nje. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinampa kila mtu haki ya kuabudu na pia kinakataza kumlazimisha mtu afanye kitu kinachopinga imani yake, kwa hiyo wao wana haki ya kukupa na wewe una haki ya kukataa, tena bila ugomvi.

Chakula chenyewe kinaitwa langar, ni chapati, dengu, mboga na chai ya maziwa, nyama hakuna kwa hiyo usiingie na mfuko wako wa nyama choma tafadhali. Chukua utakachomaliza. Utaratibu huu ulianza enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao aliyezaliwa 1469, tajiri na maskini wanakaa pamoja, na huyo anayekumiminia dengu huenda ni bosi mwenye kampuni yake, anajitolea tu. Hekalu lilijengwa 1926 na masingasinga waliofanya kazi kwenye reli, ile iliyoletewa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wakaja na mikataba ya kazi na dini yao pia.

Hakuna bili. Kuna sanduku la sadaka, weka ulicho nacho, na mi naona ukishiba kabisa kuondoka bila hata mia ni uchoyo.

Kwenye mandir, yaani mahekalu ya Wahindu, kule Nairobi au Mombasa viatu vilevile unavua, kichwa si lazima, ila funika mabega na magoti, na picha omba kwanza kwa sababu sehemu nyingine hawataki kabisa. Ukitaka kulala Makindu vyumba vipo, ulizia ofisini mapema kabla giza halijaingia.