Taa ya chupa inayojiwasha jioni

Taa yangu ya kwanza ya bustani niliiwekea kifaa cha kupima giza, swichi na makorokoro mengine ya kujisumbua bure. Siku hizi nimeacha. Paneli ya jua yenyewe ndiyo jicho: jua likizama umeme wake hukatika, na kukatika huko ndiko kunakowasha taa.

Kwa kila chupa ya jemu, tafuta paneli ndogo ya volti 5.5 isiyozidi miliampia 100, betri 3 za AA za kuchajiwa aina ya NiMH, daiodi 1N5819 (hupitisha umeme upande mmoja tu), transista 2N3906 (ndiyo swichi yetu), LED moja nyeupe, yaani kitaa kidogo, rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 5,100 na nyingine ya omu 56. Betri za kutupa usithubutu; zikichajiwa huvuja.

Unganisha betri kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, upate volti 3.6. Chanya ya paneli iingie kwenye daiodi, upande wenye mstari utokee chanya ya betri. Hasi zote ziungane. Sasa transista. Ishike upande bapa ukikutazama, miguu chini: wa kushoto uende chanya ya betri, wa kati chanya ya paneli, wa kulia upitie omu 56 hadi mguu mrefu wa LED. Mguu mfupi urudi hasi. Omu 5,100 ikae kati ya mguu wa kati na hasi. BC557 nayo inafaa, ila miguu yake imepangwa kinyume. Jambo hilo lilinila jioni nzima.

Kabla ya kulehemu, jaribu juani: funika paneli kwa kiganja, LED iwake, toa mkono, izime. LED hula kama miliampia 10 tu, kwa hiyo betri za mAh 1,000 (miliampia 1,000 kwa saa moja) huvumilia mawingu ya siku kadhaa.

Bandika paneli juu ya mfuniko na uzibe tundu la waya kwa silikoni, lakini si ile inayonuka siki, maana hula shaba. Ufunge siku kavu. Chupa mbili nilizifunga baada ya mvua. Kioo kikaingia ukungu, miguu ya LED ikashika kutu.

Ya tatu iligoma kabisa kuwaka. Niliifungua mara tatu nikitafuta kosa, kumbe nimeitundika chini ya taa ya baraza, nayo paneli ikidhani bado mchana. Niliisogeza hatua chache, ikawaka.